Barafu ya Kibo au wingu tu? Namna ya kutafuta kosa kwenye barakoa ya picha

Asubuhi isiyo na mawingu, mtu aliyesimama Sanya Juu, makao makuu ya Wilaya ya Siha, huiona Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, ikichomoza nyuma ya uwanda wa Shira, umbali wa kama kilomita 30. Mabaka meupe yaliyobaki kileleni anaweza kuyaonyesha kwa kidole. Kompyuta haina bahati hiyo. Kwake mlima ni jedwali la namba, na kila namba ni kipimo cha mwanga uliorudi angani kutoka kipande kimoja cha ardhi. Ili ihesabu barafu, lazima iambiwe namba zipi izitazame na zipi izifunike. Kifuniko hicho ndicho kinachoitwa barakoa ya picha, na mara nyingi hapo ndipo skripti iliyoandikwa kwa siku nzima inapotoa jibu la ajabu: mlima hauna barafu hata chembe, au una barafu hadi kwenye mashamba ya ngano ya West Kilimanjaro.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya yule aliyekwama hapo. Anaweza kuwa mwanafunzi wa Chuo cha Mweka, ofisa misitu, au kijana wa mjini mwenye kompyuta mpakato na bando la kubana. Mifano yote inatoka Kilimanjaro, na si kwa ajili ya kupendezesha. Kibo ni mahali pazuri pa kujipima kwa kuwa jibu lake linajulikana. Mwaka 1912 Wajerumani Fritz Klute na Eduard Oehler walikusanya vipimo vya ramani ya mlima huo. Karne moja baadaye, watafiti wakiongozwa na Nicolas Cullen waliirudia hesabu na kuichapisha mwaka 2013: barafu ilikuwa kilomita za mraba 11.40 mwaka 1912, ikabaki 1.76 mwaka 2011. Anayeandika skripti ya kupima picha za mwaka huo anajua mapema anapaswa kufika wapi.

Picha zenyewe ni za bure. Hazina ya setilaiti za Landsat ilifunguliwa kwa umma mwaka 2008. Landsat 8 ilirushwa Februari 2013 na Landsat 9 Septemba 2021, na pikseli moja ya picha zao za kawaida inafunika mita 30 kwa 30 za ardhi. Sentinel-2 za Ulaya, ambazo ya kwanza iliruka Juni 2015, zinashuka hadi mita 10 katika baadhi ya bendi. Kabla ya kupakua faili zima la eneo lenye upana wa zaidi ya kilomita 100, kata dirisha dogo linaloizunguka Kibo. Maktaba ya rasterio kwenye Python huweza kusoma kipande tu cha faili lililo mtandaoni, nayo Google Earth Engine hufanya kazi yote kwenye seva zake. Bando litakushukuru, na skripti itakimbia haraka kiasi cha kuijaribu mara nyingi.

Anza kwa kuitazama barakoa peke yake

Barakoa hufanya kazi kama ile karatasi iliyotobolewa ambayo mchoraji wa fulana huilaza juu ya kitambaa kabla ya kupuliza rangi: palipo na tundu rangi hupita, palipozibwa haipiti. Wengi hukosea kwa kuitazama fulana iliyokwisha kupakwa na kujaribu kukisia karatasi ilikuwaje. Toa karatasi. Iweke mezani peke yake.

Kwa lugha ya Python, hilo ni mstari mmoja:

print(barakoa.shape, barakoa.dtype, np.unique(barakoa))

Mstari huu unajibu maswali matatu kwa mpigo: barakoa ina ukubwa gani, namba zake ni za aina gani, na ndani yake kuna thamani zipi. Barakoa ya ndiyo na hapana inapaswa kuwa na thamani mbili tu. Ukiona orodha ya 0, 3, 7, 12 na kuendelea hadi 255, basi kuna mahali imehifadhiwa kama JPG. Mgandamizo wa JPG hupaka matope kwenye kingo, kwa hiyo thamani mbili zinazaa mamia. Hifadhi barakoa kwa PNG au GeoTIFF, kamwe si JPG.

Ukiona thamani moja tu, kwa mfano 0 kila mahali, kosa liko juu ya mstari huo, kwenye hesabu iliyozaa barakoa, na hakuna haja ya kuhangaika na mistari ya chini.

Kuna hofu moja isiyo na sababu. Barakoa yenye 0 na 1 ikifunguliwa kwenye programu ya kawaida ya picha huonekana nyeusi tii, kwa sababu kwenye kipimo cha 0 hadi 255 namba 1 ni nyeusi karibu sawa na 0. Wapo waliofuta kazi nzuri wakidhani ni tupu. Izidishe kwa 255 kabla ya kuifungua, nayo itaonekana.

Nani anafichwa: moja au sifuri?

Hapa ndipo skripti nyingi zinapogeuka kichwa chini, tena bila kutoa ujumbe wowote wa kosa. Chanzo ni kwamba maktaba hazikubaliani.

Kwenye numpy.ma, thamani ya kweli maana yake ni "ficha". Kwenye updateMask ya Earth Engine ni kinyume: 0 ndiyo inayofichwa. Rasterio ikisoma barakoa ya faili huweka 255 mahali penye data halali na 0 pasipo na data, lakini kipengele chake cha geometry_mask, kisipoelekezwa vingine, hutoa kweli nje ya umbo na uongo ndani yake. OpenCV huchakata kila palipo na thamani isiyo sifuri. Pillow, ukibandika picha moja juu ya nyingine, hupitisha picha mpya palipo na 255, na thamani za katikati huchanganya picha hizo mbili.

Sasa chukua skripti inayochora umbo la hifadhi kwa rasterio, kuitumia barakoa hiyo kwenye numpy.ma, kisha kuipeleka OpenCV kwa ajili ya kuchora ramani. Hatua mbili za kwanza zinaelewana. Ya tatu inageuza kila kitu, na ramani inatoka ikiwa na Moshi, Bomang'ombe na Sanya Juu, isipokuwa mlima wenyewe.

Dawa ni kuchagua maana moja na kuiandika kwenye jina la kigeu. Badala ya jina la jumla kama "barakoa", andika "ficha" au "bakiza". Mtu anayesoma "bakiza" hawezi kukosea 1 inamaanisha nini. Kila inapovuka kutoka maktaba moja kwenda nyingine, igeuze kwa alama ya ~ mahali pamoja panapoonekana, usiache ugeuzi ufanyike kimyakimya ndani ya kipengele.

Alama hiyo nayo ina mtego wake. Kwenye jedwali la kweli na uongo, ~ hugeuza vizuri. Kwenye jedwali la namba 0 na 1 za aina ya uint8, hugeuza 0 kuwa 255 na 1 kuwa 254, na zote mbili si sifuri. OpenCV ikipewa hiyo itachakata picha nzima kana kwamba hakuna barakoa. Kwa hiyo badili kwanza kuwa kweli na uongo, ndipo ugeuze.

Ukubwa na mahali

Picha na barakoa zikitofautiana ukubwa, NumPy hukataa papo hapo. Hilo ni kosa la heri kwa sababu linapiga kelele. Kwa Sentinel-2 hutokea mapema sana: bendi ya kijani, B3, ina pikseli za mita 10, na kigae chake kina mistari 10,980 na safu 10,980, huku bendi ya infraredi ya mawimbi mafupi, B11, ikiwa ya mita 20 na 5,490 kwa 5,490. Barafu hutafutwa kwa kuzilinganisha bendi hizo mbili, hivyo moja lazima ifanane na mwenzake kwanza.

Hapo pia kumbuka mpangilio. NumPy hutaja urefu kisha upana. Pillow, pamoja na amri ya resize ya OpenCV, hutaka upana kisha urefu. Kwenye kigae cha mraba kosa hilo halionekani. Litaonekana siku utakapokata dirisha la mstatili.

Kosa lisilopiga kelele ni la mahali. Barakoa inaweza kuwa na ukubwa uleule na bado ikawa imelala kwingine. Kilimanjaro ina mitego miwili ya aina hii.

Wa kwanza ni wa Landsat. Kibo iko kusini mwa ikweta, katika ukanda wa 37 wa UTM, na Sentinel-2 huileta katika mfumo wa kusini, namba EPSG 32737. Landsat hutumia ukanda wa kaskazini, EPSG 32637, hata kwa picha za kusini mwa ikweta, na kuweka alama ya kutoa mbele ya namba ya kaskazini. Hivyo kilele cha Uhuru kinasomeka karibu 9,660,000 kwenye faili moja na karibu −340,000 kwenye jingine. Namba zote mbili ni sahihi, kila moja ndani ya mfumo wake. Ila mwenye kuchora mpaka wa barafu juu ya Sentinel-2 na kuutumia juu ya Landsat bila kuubadili mfumo ataambiwa na rasterio kwamba umbo lake haliigusi picha, au atapata barakoa tupu. Badili mfumo kwa amri rasmi ya kubadilisha, usijumlishe milioni kumi kwa mkono.

Wa pili ni wa ramani za zamani. Ramani za karatasi za Tanzania zilichorwa kwa datamu ya Arc 1960, ambayo kwa UTM ya hapa ni EPSG 21037. Koordineti zake zinafanana sana na za leo, nazo zitaingia kwenye skripti bila ubishi wowote. Tofauti yake na WGS 84 katika eneo hili ni takriban mita 300. Kwa shamba la ngano la ekari mia kadhaa, hilo laweza lisishtue mtu. Kwa Kibo ni balaa: mita 300 ni pikseli 10 za Landsat, na vipande kadhaa vya barafu iliyobaki havizidi upana huo. Barakoa itakaa juu ya mwamba mtupu kando ya barafu, na skripti itakuambia kwa uhakika kwamba barafu imekwisha.

Namna ya kulijua ni kuchora mstari wa ukingo wa barakoa juu ya picha ya rangi na kuikuza hadi pikseli zionekane. Ukingo ukiwa umesogea upande uleule kila mahali, tatizo ni mfumo wa koordineti. Ukiwa umesogea huku na huku bila mpangilio, tatizo ni hesabu.

Namba zinazozunguka

Barafu hujitambulisha kwa tabia moja: inarudisha mwanga wa kijani kwa wingi na kuumeza ule wa infraredi ya mawimbi mafupi. Kipimo chake, NDSI, ni rahisi:

ndsi = (kijani - infra) / (kijani + infra)

Matokeo yako kati ya −1 na 1, na kizingiti kinachotumika sana ni 0.4. Mstari huo mfupi una makosa mawili yaliyojificha ndani yake.

La kwanza ni aina ya namba. Faili za setilaiti huhifadhi namba kamili zisizo na hasi, uint16, zinazoanzia 0 na kuishia 65,535. Chukua pikseli ya mwamba pale ambapo kijani ni 10,909 na infra ni 14,545. Tofauti inapaswa kuwa −3,636. Aina hiyo haina mahali pa kuweka hasi, hivyo namba inazunguka na kuwa 61,900. Ukigawa kwa jumla ya 25,454 unapata 2.43. Kizingiti ni 0.4, basi mwamba umekuwa barafu. NumPy hailalamiki. Hii ndiyo sababu ya kawaida ya ramani inayoonyesha barafu ikishuka hadi kwenye mashamba. Badili bendi zote mbili kuwa float32 kabla ya kutoa, na baada ya hesabu chapisha thamani ndogo kabisa na kubwa kabisa za NDSI. Kitu chochote kinachozidi 1 ni ushahidi tosha.

La pili ni kuruka hatua ya kuzigeuza namba ghafi kuwa uakisi. Kwa Landsat Collection 2, uakisi hupatikana kwa kuzidisha kwa 0.0000275 na kutoa 0.2. Wengine hudhani hatua hiyo haina maana kwa kuwa NDSI ni uwiano, na uwiano huondoa kipimo. Kuzidisha kunaondoka kweli, kutoa hakuondoki. Barafu chafu yenye uakisi wa 0.40 kwenye kijani na 0.10 kwenye infra ina NDSI ya 0.60. Ukitumia namba ghafi za pikseli ileile, 21,818 na 10,909, unapata 0.33, na barafu hiyo inafutika. Sentinel-2 nazo zilianza kuongezewa 1,000 kwenye namba zake tangu toleo la uchakataji la Januari 25, 2022. Anayelinganisha picha za kabla na baada ya tarehe hiyo bila kuitoa ataona barafu ikipungua kwa siku moja, kumbe kilichobadilika ni faili.

Pembezoni mwa picha, pasipo na data, Landsat huweka 0, na fomula ya uakisi huigeuza 0 hiyo kuwa −0.2, kiasi ambacho ardhi haiwezi kukirudisha. Ficha pikseli hizo kwanza, kisha ndipo ugeuze. Ukichelewa, wastani wa eneo lako utavutwa chini na wewe utalaumu setilaiti.

Biti si namba

Landsat huja na bendi iitwayo QA_PIXEL, inayobeba habari za wingu, kivuli na theluji kwa kila pikseli. Habari hizo zimepakiwa ndani ya namba moja kwa biti. Biti ya 0 ni pasipo data, ya 1 ni pembezoni mwa wingu, ya 2 ni wingu jembamba la juu sana, ya 3 ni wingu, ya 4 ni kivuli cha wingu, ya 5 ni theluji.

Kosa la kwanza ni kutafuta pikseli zilizo sawa na 8. Hazipo. Pikseli yenye wingu dhahiri kwa kawaida husomeka 22,280 na ardhi safi 21,824, kwa kuwa biti nyingine nazo zimewashwa. Kosa la pili ni kuandika qa & 3 kwa kudhani 3 ni biti ya tatu, wakati kompyuta inaelewa namba tatu, yaani biti ya 0 na ya 1 kwa pamoja. Namna sahihi ni hii:

wingu = (qa & (1 << 3)) != 0

Jaribu kwa mkono: 22,280 inatoa kweli, 21,824 inatoa uongo. Jaribio hilo la namba mbili linatosha kuokoa jioni nzima.

Sentinel-2 ina ramani ya madaraja iitwayo SCL, ambayo ni rahisi zaidi kusoma: 4 ni mimea, 5 ni ardhi tupu, 8 na 9 ni mawingu, 11 ni theluji au barafu. Lakini iko katika mita 20, hivyo wengi huikuza ili ilingane na bendi za mita 10, na njia ya kukuza wanayoichagua ni ile ya kulainisha, inayotafuta wastani wa majirani. Kwenye ukingo wa barafu ya Kibo, pikseli ya ardhi tupu, 5, imekaa ubavuni mwa pikseli ya barafu, 11. Wastani wake ni 8. Skripti inasoma wingu. Kila kipande cha barafu kinavishwa pete ya mawingu ambayo hayajawahi kuwapo, na ukiyafuta mawingu unaimega barafu pande zote. Kwa kipande cha mita 300 kwa 300, chenye pikseli 225 za SCL, pikseli 56 ziko ukingoni; si hasara ndogo. Madaraja hukuzwa kwa njia ya jirani wa karibu tu.

Mlima unapodanganya

Ikiwa yote hayo yamekaguliwa na jibu bado ni la ajabu, huenda skripti haina kosa. Sasa chunguza mlima.

Tuanze na maji. NDSI haiwezi kuyatofautisha na barafu, kwa kuwa nayo humeza infraredi ya mawimbi mafupi. Picha moja ya Landsat ina upana wa kilomita 185, hivyo dirisha lisipokatwa, skripti itatangaza barafu kwenye Ziwa Chala, Ziwa Jipe na bwawa la Nyumba ya Mungu. Infraredi ya karibu huvitenganisha: maji safi huimeza, barafu huirudisha. Ongeza sharti kwamba uakisi wake uzidi 0.11, na sharti la mwinuko kutoka kwenye vipimo vya rada ya SRTM vya mwaka 2000:

barafu = (ndsi > 0.4) & (karibu > 0.11) & (mwinuko > 4500)

Mabano ya kila sharti ni ya lazima; bila hayo Python hushughulikia alama ya & kabla ya kulinganisha. Neno "and" halifai hapa, nalo litakataliwa kwa ujumbe wa kosa.

Mawingu ni somo gumu zaidi. Wingu la matone ya maji hung'aa kwenye infraredi ya mawimbi mafupi, hivyo NDSI yake hushuka na hutengana na barafu vizuri. Wingu la juu lililojaa vipande vya barafu hufanana na theluji na huweza kupita. Kinyume chake pia hutokea. Setilaiti hizi hutambua mawingu membamba ya juu kwa bendi ya mikromita 1.38, ambayo mvuke wa maji wa angani huumeza mwanga wake kabla haujafika ardhini. Juu ya mita 5,000 mvuke huo umebaki kidogo, na mwanga waweza kufika mwambani na kurudi. Kibo, yenye mita 5,895, inaweza kuandikwa kuwa wingu siku ambayo anga ni jeupe.

Njia ya kuugundua uongo huo ni kurundika barakoa za mawingu za tarehe nyingi na kuhesabu kila pikseli imeitwa wingu mara ngapi. Mawingu ya kweli huhama. Pikseli inayoitwa wingu karibu kila tarehe, huku jirani yake wa mita 100 akiwa safi, na eneo lake likiwa na umbo la Barafu ya Kaskazini au la barafu ya Furtwängler ndani ya kreta, si wingu. Hapo usitumie alama ya wingu jembamba juu ya mita 5,000. Tegemea NDSI na uchague tarehe kwa macho.

Kivuli kinawahusu zaidi watu wa upande wa Siha. Landsat na Sentinel-2 hupita asubuhi, mnamo saa nne na kidogo, jua likiwa mashariki. Kuta za magharibi za Kibo, zinazotazama Shira na Sanya Juu, zinaweza kuwa gizani wakati huo, hasa kwenye miteremko mikali. Barafu iliyo kwenye kivuli ina namba ndogo kwenye bendi zote, na sharti la 0.11 huweza kuitupa nje. Usilishushe sharti kwa picha nzima. Tengeneza barakoa ya pili ya kivuli kwa kutumia mwinuko na pembe ya jua iliyoandikwa kwenye faili la maelezo, kisha uripoti eneo hilo kama "halikuonekana", kando na "hakuna barafu".

Mwisho ni theluji mpya. Theluji iliyoanguka jana ina NDSI ya juu kama barafu ya karne nyingi. Picha ya Aprili, katikati ya masika, au ya Novemba wakati wa vuli, inaweza kuonyesha kilele kizima kikiwa cheupe, na barakoa itakuwa sahihi kabisa kwa swali ambalo hukuuliza. Chukua picha za kiangazi, Januari na Februari au Julai hadi Septemba, kadhaa kwa mwaka mmoja, kisha ubakize pikseli zilizokuwa nyeupe katika zote. Theluji ya kupita haivumilii mtihani huo.

Hesabu, kisha linganisha

Pikseli moja ya Landsat ni mita za mraba 900. Kilomita za mraba 1.76 za mwaka 2011 ni kama pikseli 1,956. Landsat 8 ilikuwa bado haijarushwa mwaka huo, hivyo picha zako za kwanza za 2013 na baada ya hapo zinapaswa kutoa chini ya kiasi hicho. Skripti ikisema 12,000, umerudi karibu mwaka 1912, na chanzo huenda ni theluji mpya. Ikisema mamilioni, tazama namba zinazozunguka au barakoa iliyogeuka. Ikisema 0, tazama koordineti. Ikisema 1,200 Januari na 700 Februari ya mwaka uleule, tazama mawingu na kingo kabla ya kuandika habari ya gazeti.

Kabla ya kuikimbiza skripti kwenye picha za miaka kumi, iwekee vituo vinne vya kudumu na iulize kila unapoibadilisha. Katikati ya Barafu ya Kaskazini jibu liwe barafu. Kwenye mwamba wa Mawenzi, kilele jirani cha Kibo, siku isiyo na theluji, jibu liwe hapana. Kwenye shamba la ngano la West Kilimanjaro liwe hapana. Katikati ya Nyumba ya Mungu pia liwe hapana. Andika majibu hayo ndani ya skripti kama sharti la kuendelea, ili moja likibadilika kazi isimame hapohapo.

Pamoja na ramani ya mwisho, hifadhi barakoa yenyewe kwa GeoTIFF, ukiandika kwenye jina la faili tarehe ya picha, aina ya setilaiti na kizingiti kilichotumika. Weka na faili la pili linaloonyesha kila pikseli ilifichwa kwa sababu ipi: 1 kwa wingu, 2 kwa kivuli, 3 kwa maji, 4 kwa pasipo data. Mwenzako akikuuliza mbona barafu ya upande wa magharibi haipo kwenye ramani yako ya Julai, utalifungua faili hilo na kumwonyesha namba 2.